Picha za Mwaka Jana

Kama umeamka leo ukakuta nusu ya uso wako imegoma, kwanza kaa chini. Hufi. Nakuambia mapema kwa sababu asubuhi yangu mimi nilikuwa peke yangu bafuni, hapakuwa na wa kuniambia, na nilishajizika na kujililia kabla chai haijachemka.

Naitwa Perusi. Naishi Kigera, hapa Musoma, nauza vitenge. Mume wangu Mafuru ni mwalimu wa shule ya msingi kule Buhare, na tuna binti mmoja, Nyangi, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili. Uso wangu sasa umerudi. Haujarudi wote, ila unatosha kwa kazi. Nikicheka jicho la kulia linafumba lenyewe, na nikila chakula cha moto jicho hilohilo linatiririka machozi, wageni wanadhani nimekumbuka msiba. Watu wananitumia ujumbe wakiuliza nilitumia dawa gani. Nilitumia ya daktari, na wewe nenda ukamwone wa kwenu, nenda leo, usikae nyumbani ukisubiri upepo upite. Kuhusu dawa sina zaidi. Ninachotaka kusimulia ni ile miezi niliyokuwa na uso mmoja nyumbani na mwingine kwenye simu, maana hiyo nayo ilikuwa ugonjwa, na ilinitesa kuliko ule wa kwanza.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka, joto limekaza. Nilikuwa napiga mswaki. Nikasukutua, maji yakanitoka upande wa kulia wa mdomo bila ruhusa yangu na kuloanisha kitenge nilichojifunga. Nikachukua maji mengine, yakatoka vilevile. Nikainua macho kwenye kioo. Mdomo ulikuwa umevutwa kushoto. Paji la uso upande wa kulia lilikuwa limelala laini kama la mtoto mchanga, na jicho la upande huo lilikuwa linanitazama bila kupepesa. Nikamwita mume wangu, "Baba Nyangi," lakini ile B haikutoka, ikatoka pumzi tu.

Mafuru alidhani ni utani, maana ananijua kwa utani. Alicheka mpaka alipoona mate yanashuka kidevuni. Hapo akaanza kutafuta suruali ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Mpaka tufike barabarani jirani yetu alikuwa ameshatoa hukumu. "Huo ni upepo," alisema. "Msimpeleke kuchomwa sindano. Upepo haupendagi sindano, atawafia." Alinipenda kweli, na alikuwa tayari kunipeleka kwa mtu wake mwenyewe siku hiyohiyo. Mafuru alimshukuru na kusimamisha bodaboda. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ule ukaidi wa mume wangu.

Benchi la hospitali lilikuwa limejaa. Nilikaa nimejifunika khanga mpaka puani, kama mtu mwenye jino. Daktari alikuwa kijana mchangamfu. Akaniambia inua nyusi, fumba macho, puliza mashavu, nionyeshe meno. Nilimwonyesha nusu ya kila kitu. Akaniminya mikono na miguu, akanitembeza chumbani, kisha akasema si kiharusi. Ni neva ya uso imevimba, wengi wanarudi sawa ndani ya wiki chache, na wachache wanachukua muda. Nilitoka pale na vidonge, dawa ya kudondoshea jichoni na plasta ya kufungia jicho wakati wa kulala. Nilikuwa na uhakika kwamba mimi ni wa wale wengi, na huo uhakika ulinichelewesha kukubali mambo mengi.

Vile vidonge vilinipa njaa ya mtu aliyetoka kulima. Ila kula kwenyewe kulikuwa kazi. Dagaa walikuwa wanajificha kati ya shavu na fizi upande wa kulia, nawatoa kwa kidole kama natafuta sarafu kwenye kochi. Chai nilikunywa kwa mrija, na mrija wenyewe lazima ukae kushoto. Sikio la kulia likaanza kusikia kwa nguvu mno, hata sufuria ikianguka nyumba ya tatu mimi naruka. Na jicho. Mtu wa Musoma anajua wale wadudu wa ziwani wanaokuja wengi kama moshi, wakipita unafumba macho na mdomo mpaka wapite. Sasa mimi nilikuwa na jicho lisilofumba. Siku moja waliniwahi nikiwa naanua nguo, wakajaa jichoni, nikasimama pale uani nikilia kwa jicho moja na jingine likilia kwa sababu zake. Nyangi akaja na bakuli la maji, akanitoa wadudu taratibu mmoja baada ya mwingine. Hizo ndizo rehema ninazozikumbuka.

Vidonge vikaisha, uso bado. Na mimi nina biashara.

Lazima nieleze biashara yangu ilivyokuwa. Sina duka. Kitenge kipya kikiingia, nakishonesha, nakivaa, Mafuru ananipiga picha pale nje kwenye ukuta wa bluu wa jirani, naweka stetasi. Watu wanaona kimekaaje mwilini, wanaagiza. Kwa hiyo wateja walikuwa wananunua kitenge, na pamoja na kitenge walikuwa wananunua na mimi. "Dada umependeza." "Dada una tabasamu la kuuza hata gunia." Nilikuwa nasoma maneno hayo kabla sijanawa uso asubuhi. Nisiwe mnafiki, nilikuwa nayapenda. Posti ikipata watu wachache, siku hiyo hata mboga nilikuwa naiunguza.

Basi nilijaribu filta. Kuna moja inang'arisha ngozi na kupaka rangi ya mdomo. Ikanitafuta mdomo, haikuuelewa, ikanipaka rangi nyekundu shavuni. Nilicheka, na kicheko chenyewe kikaipeleka rangi karibu na sikio. Kisha nikalia. Nikaifuta ile picha na kufungua picha za mwaka jana.

Zilikuwa nyingi. Nilikuwa na picha za nguo ambazo sikuwahi kuziweka, na za vitenge ambavyo bado vilikuwa kwenye stoo yangu. Nikaanza kuweka moja kila siku. Sikuandika kwamba nimepona, wala sikuandika kwamba niliumwa. Niliandika bei na neno "karibuni". Wateja wakaendelea kusifia. Nilikuwa nimekaa kitandani na plasta jichoni, nasoma sifa za mwanamke anayefanana na mimi.

Watu wanasema simu inakufanya uwaonee wivu wanawake wa Dar, wenye viuno na magari. Mimi sikuwaonea wao. Nilimwonea wivu Perusi wa mwaka jana. Nilimchunguza kama mke mwenza. Nilikuza picha kwa vidole niangalie pembe ya mdomo wake wa kulia ilivyokuwa inapanda. Alikuwa hajui hata kama ana pembe ya mdomo. Kadiri alivyosifiwa ndivyo nilivyozidi kujiona mimi ni mabaki yake, na asubuhi namwamsha tena akaniuzie vitenge.

Siku moja mvua za masika zimeanza, mama mmoja aligonga mlango. Alikuwa ametoka Bunda, anatafuta kitenge cha sare ya harusi ya mdogo wake, na kwa miezi mingi alikuwa mmoja wa wasifiaji wangu wakubwa. Nilisahau kabisa kwamba nilimwelekeza nyumbani.

"Habari za hapa," akasema. "Namtafuta yule dada wa vitenge."

"Ndiyo hapa, karibu."

Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu ndani. "Samahani dada, namaanisha yule mwenyewe. Wa kwenye picha."

Ningeweza kusema ni mimi. Maneno yalikuwa mafupi tu. Nikasema, "Ametoka kidogo. Mimi ni dada yake."

Akaingia, akachagua, tukapatana, na alikuwa mtu mzuri kweli. Wakati wa kuondoka akanishika mkono. "Mwambie kile cha rangi ya chungwa kimemkaa sana. Mwambie asiache kutabasamu hivyohivyo." Nikamwambia nitamfikishia. Nilifunga mlango nikakaa juu ya marobota ya vitenge mpaka Mafuru aliporudi kutoka kazini, na sikumweleza kwa nini sijapika.

Mafuru naye alikuwa na lake. Ilinichukua muda kujua. Kwenye benchi la hospitali mama mmoja alikuwa ameshaniuliza kwa huruma, "Mwanangu, alikupiga na nini?" Nikamjibu ni ugonjwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia uongo anaoufahamu. Nilidhani ni yeye tu. Kumbe Buhare walimu wenzake walikuwa wameanza kunyamaza akiingia ofisini. Mtu fulani alinikuta sokoni nimejifunika khanga, na jioni hiyohiyo akaona picha yangu mpya inatabasamu kwenye stetasi. Akajumlisha. Mwanamke anayejificha usoni na kujionyesha mzima kwenye simu, huyo anaficha kipigo cha mumewe.

"Mama Nyangi," Mafuru aliniambia jioni moja, "watu wanasema nakupigaga."

"Nani?"

"Watu. Mkuu ameniita. Ameniuliza kama nyumbani kuna amani."

"Ukasema nini?"

"Nikasema anaumwa. Akaniambia mbona jana kaweka picha, mzima kabisa." Akavua miwani akaifuta na shati. "Weka picha yako ya leo. Moja tu. Andika unaumwa, basi, yaishe."

Nilikataa. Nilimwambia hajui anachoniomba. Akasema na mimi sijui ninachomfanyia. Tulizungumza kwa sauti ambazo hatukuwa tumewahi kutumia, na Nyangi akatoka nje akaenda kukaa na kuku. Wiki hiyo tuliishi kama wapangaji. Alikuwa sahihi, na nilijua yuko sahihi, na bado kila nilipoinua simu kujipiga picha niliishia kufungua zile za mwaka jana.

Masika ikaendelea, uso bado. Daktari akaniandikia niende kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo huko Bunda, kila wiki. Chumba cha kusubiria kilikuwa na madirisha makubwa na benchi ndefu, na nilizoea watu wake. Palikuwa na mkulima wa pamba aliyevunjika nyonga, anafanya mazoezi kwa hasira akitaka awahi kuvuna. Kila aliponiona aliondoka mwisho wa benchi na kuja kukaa kushoto kwangu. Nilidhani anatafuta dirisha. Siku moja akasema, "Huku ndiko unakocheka, nataka nione ukinicheka." Alikuwa mtu wa kwanza kuuzungumzia uso wangu kama kitu cha kawaida, kama mtu anavyosema huku ndiko kwenye kivuli.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada wa umri wangu, Wegesa, mwenye mikono ya baridi. Alinifundisha kuusugua uso taratibu, kuinua nyusi kwa kidole, kujaribu kutamka pa, ba, ma, bila kulazimisha. Akaniuliza nyumbani nafanya mazoezi mbele ya kioo gani. Nikamwambia kioo nimekifunika.

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Basi kila Jumamosi ujirekodi. Fumba macho, tabasamu, puliza. Bila filta, bila kilemba, bila poda. Uniletee."

"Nikuletee uso huu kwenye simu?"

"Unataka uniletee wa nani?"

Nikaanza. Video ya kwanza niliitazama kwa jicho moja kupitia vidole. Ya pili vilevile. Lakini Wegesa alikuwa anazicheza mbili kwa pamoja, ya wiki iliyopita na ya wiki hii, ananionyesha kwa kalamu: hapa pameshtuka, hapa bado, hapa tazama, kope imeshuka kidogo. Pole pole nikaanza kuutazama uso huo kama mkulima anavyotazama shamba, nikitafuta kimeota nini. Siku kope ilipogusana na ya chini kwa mara ya kwanza, niliicheza video mpaka simu ikazima. Hiyo sikuiweka stetasi. Stetasi ilikuwa bado ni ya yule mwingine.

Pamba ilikuwa imeshaanza kuvunwa wifi yangu aliponipigia kutoka Butiama. Wifi, mke wa kaka yangu, anaishi na mama yangu mzazi. Mama hana simu kubwa, ila kila jioni wifi anamfungulia stetasi zangu wakiwa wanachambua mboga.

"Wifi, hongera," akasema. "Jumapili utavaa kipi? Kanisa zima linakusubiri."

"Linanisubiri kwa nini?"

"Si shukrani ya mama? Hajakwambia? Ameshamfunga mbuzi."

Hapo nikakumbuka. Mama alikuja kunitazama mwanzoni kabisa, akaniona, akalia, na kabla ya kupanda gari la kurudi aliweka nadhiri: mtoto huyu akipona, natoa mbuzi. Baada ya hapo alikuwa anapiga simu kuuliza, "Uso vipi?" nami najibu, "Unaendelea vizuri mama." Na jioni anaonyeshwa picha. Mdomo umekaa sawa, macho yote mawili yanacheka. Mama yangu si mtu wa kudaiwa na Mungu. Alikwenda kwa mchungaji akasema binti yangu amepona, mchungaji akalitangazia kanisa, na ikapangwa kwamba nitasimama mbele nitoe ushuhuda.

Nilimweleza Mafuru. Nilitegemea aseme nilikwambia. Akasema, "Tunaenda Jumamosi. Wote."

Tulifika Butiama mchana. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti wa mchungwa nyuma ya jiko, jike mweupe, amesafishwa mpaka kwato. Mama alitoka ndani akipiga vigelegele. Vigelegele vikaendelea hatua kadhaa baada ya yeye kuniona, kama pikipiki iliyozimwa ikiwa kwenye mteremko, kisha vikakoma.

Akanikaribia. Akanishika kidevu, akanigeuza kulia, akanigeuza kushoto. Wifi alikuwa nyuma yake, mkono mdomoni.

"Mama, zile picha ni za mwaka jana," nikasema.

Aliniachia kidevu. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimeshukuru picha."

Nilimwomba msamaha. Hakukasirika kwa kelele, na hiyo ni mbaya zaidi kwa mama yangu. Alikaa kwenye kigoda akaanza kupanga. Mchungaji ameshatangaza. Wanakwaya wameshatunga wimbo. Kuna watu wanatoka vijiji vya jirani. Akisema sasa kwamba sijapona, ataonekana mwongo madhabahuni, mtu mzima, mjane, mzee wa kanisa.

"Utavaa mtandio," akasema. "Tutaushusha huku upande. Utakaa mwisho wa benchi, karibu na ukuta. Ukiitwa unasimama palepale, unasema Mungu ni mwema, unakaa. Nani atajua?"

"Bibi," Nyangi akasema, "mama hawezagi kusema Mungu ni mwema haraka. Mate yanatoka."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama mama yangu akikunja mtandio kwenye mapaja, akiupima utafunika kiasi gani, nikaona mikono yangu mwenyewe. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kila asubuhi tangu Januari. Hasira iliyonijia haikuwa ya mama. Nilikuwa nimemfundisha mimi.

"Mama, sivai mtandio."

"Kwa hiyo unaniaibisha."

"Nitasema mwenyewe kosa ni la nani. Lakini nikifunika kesho, Jumapili inayofuata utanifunika tena. Nikija msiba nitafunika. Nyangi akiolewa nitafunika. Daktari hajui kama mdomo huu utarudi wote. Siwezi kuishi nikisubiri ruhusa ya mdomo."

Nilisema yote hayo huku nikifuta mate kwa kiganja. Mafuru alikuwa amesimama kando ya mbuzi. "Muache aseme, mama," akasema. Mama aliingia ndani, na hakuongea na mimi mpaka kesho yake tulipokuwa tunatoka, aliponiambia viatu vyangu vina vumbi.

Kanisa lilijaa. Mbuzi alikuwa nje mlangoni na sote tulikuwa tunamsikia. Kwaya ikaimba wimbo wangu. Mchungaji akasema dada yetu Perusi apite mbele atuambie Bwana alivyomtendea. Nilitoka mwisho wa benchi, kichwa wazi, nikatembea katikati, na nilisikia minong'ono ikinifuata benchi hadi benchi.

Kila mtu anayejua makanisa yetu anajua ushuhuda unavyoanza. Unaanza na "Bwana asifiwe". Herufi yangu mbaya kuliko zote. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya ba na Wegesa wiki nzima. Nikaishika kona ya mdomo kwa kidole, mbele ya watu wote, kama ninavyoishika kwenye mazoezi, nikasema, "Bwana asifiwe." Ilitoka nusu.

"Ameni," wakaitika, kwa mashaka.

Nikasema sijapona. Nikasema picha walizoziona kwa wifi ni za mwaka jana, niliziweka kwa sababu niliona aibu, na mama yangu alishukuru kwa moyo safi kitu alichokiona kwa macho yake. Asilaumiwe. Nikasema pia kwamba mume wangu yule pale mwenye miwani hajawahi kuninyooshea mkono, na anayetaka kujua kilichonipiga aje nimwambie jina la neva. Nikasema ninaenda Bunda kila wiki, na kope imeanza kugusana. Nikaifumba waone. Haikufumba vizuri, nadhani kwa woga. Kisha sikuwa na kingine cha kusema, nikasimama tu.

Mbuzi akalia. Mchungaji akakohoa, akageukia benchi la wazee wa kanisa. "Sasa mama," akasema kwa upole, "huyu mbuzi... tumpokee, au umrudishe kwanza nyumbani, mpaka hapo Bwana atakapo..."

Mama akasimama. Alijifunga kitenge upya kiunoni, polepole, kanisa zima likimsubiri.

"Mchukueni," akasema. "Mimi nikitoaga sirudishagi. Sehemu yangu nimemaliza. Iliyobaki ni ya Mungu, na yeye ananijua, nitakuwa namwulizia kila Jumapili."

Kicheko kilianzia kwa wanakwaya, kikafika nyuma. Mchungaji alijaribu kukishika, akashindwa. Na mimi nilicheka palepale mbele, mdomo umekwenda kushoto wote, jicho limekodoka, mate yamenishuka, na sikujali hata kidogo. Mama alikuwa ameshakaa. Ananitazama akiwa amekunja uso, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Baada ya ibada mbuzi alipigwa mnada pale nje kama kawaida ya sadaka. Watu walipanda bei kwa makelele. Wengine walinijia kunishika mkono, na mama mmoja aliniuliza kama huyo mtu wa Bunda anatibu na miguu. Mafuru alikuwa amezungukwa na wazee wakimweleza habari za neva ya shemeji wa mtu fulani, naye anawasikiliza kwa raha ambayo sikuwa nimemwona nayo tangu Januari.

Wifi akanijia na simu yake. Alikuwa amenirekodi, tangu natoka kwenye benchi mpaka kile kicheko. Tukaiangalia pamoja chini ya paa la mlango. Huyo mwanamke alikuwa na uso uliopinda kuliko nilivyodhani. Alikuwa anaongea polepole, ameshika mdomo wake kwa kidole, na kanisa zima lilikuwa linamsikiliza. Niliitazama mpaka mwisho bila kuziba jicho.

"Wifi, hii niiweke?" akauliza. "Au tusubiri kwanza upone?"

"Iweke," nikasema. "Na uandike ni ya leo."